Sikio Linavyotuwezesha Kusikia na Kusimama Wima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukimuuliza mtu kazi ya sikio ni nini, atakujibu kwamba ni kusikia, na jibu hilo si kosa, ila limeacha nusu ya habari. Kiungo hicho hicho ndicho kinachotujulisha kama tumesimama wima au tumeinama, kama tunakwenda au tumetulia, na kama kichwa kinageukia kulia au kushoto, hata tukiwa tumefumba macho. Yaliyokusanywa hapa ni maswali ambayo watu huuliza zaidi kuhusu kazi hizo mbili, na majibu yake yatarudi tena na tena kwenye seli moja ndogo yenye vinywele, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kufahamika kabla ya jambo jingine lolote kuhusu sikio.

Sikio lina sehemu gani?

Lina sehemu tatu. Sikio la nje ni lile jani la gegedu tunaloliona pembeni mwa kichwa, pamoja na mfereji unaoingia ndani kwa takriban sentimita 2.5 hadi kwenye kiwambo cha sikio, ambacho wengi hukiita ngoma ya sikio. Nyuma ya kiwambo kuna sikio la kati, chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu vilivyoungana kama mnyororo: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, chenye urefu wa milimita 3 hivi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa binadamu. Sikio la ndani limejaa majimaji na limehifadhiwa ndani ya mfupa wa panja, sehemu ambayo ni miongoni mwa mifupa migumu kabisa mwilini. Humo mna koklea, iliyojikunja kama gamba la konokono, kwa ajili ya kusikia, na pembeni yake mna mifereji mitatu ya nusu duara na vifuko viwili kwa ajili ya usawa wa mwili. Koklea, mifereji na vifuko hivyo havikutenganishwa: majimaji yale yale yanapita kote, na ndiyo maana ugonjwa wa sikio la ndani mara nyingi humpunguzia mtu usikivu na kumletea kizunguzungu kwa wakati mmoja.

Sauti husafirije kutoka hewani hadi kwenye ubongo?

Kitu kinapotikisika, iwe ni uzi wa gitaa au koo la mtu anayezungumza, huisukuma hewa iliyo karibu nacho, na hewa hiyo huisukuma iliyo mbele yake, hivyo hivyo mpaka msukumo ufike sikioni ukisafiri kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Jani la sikio hukusanya mawimbi hayo na kuyaelekeza mferejini, na mfereji huyafikisha kwenye kiwambo, utando ambao unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kiwambo hutikisika kwa kuyafuata mawimbi. Nyundo imeshikamana nacho, kwa hiyo hutikisika pamoja nacho na kuisukuma fuawe. Fuawe nayo hukisukuma kikuku. Na kikuku, ambacho wayo wake umeziba kidirisha cha sikio la ndani, huyasukuma majimaji yaliyo upande wa pili.

Majimaji yakisukumwa, utando mrefu uliotandazwa ndani ya koklea hupanda na kushuka. Juu ya utando huo zimejipanga seli zenye vinywele vifupi sana kileleni mwake, katika kiungo kilichoelezwa mwaka 1851 na mwanasayansi wa Italia, Alfonso Corti, na ambacho hadi leo huitwa kiungo cha Corti. Vinywele hivyo vikipinda upande mmoja, vitundu vidogo mno hufunguka, chembe za potasiamu zenye chaji ya umeme huingia ndani ya seli, na seli humwaga kemikali inayoiamsha neva ya kusikia. Kuanzia hapo hakuna tena mtikisiko, kuna ishara za umeme tu, ambazo hupanda kupitia shina la ubongo hadi kwenye gamba la ubongo, mahali ambapo mtu hutambua kwamba ameitwa jina lake.

Ni vigumu kueleza jinsi mfumo huu ulivyo mwepesi kuhisi. Kwa sauti hafifu kabisa ambayo kijana mwenye masikio mazima anaweza kuisikia, kiwambo husogea kwa umbali ulio pungufu ya upana wa atomu moja.

Kwa nini vifupa vitatu vinahitajika? Si kiwambo kingetosha?

Kisingetosha, na sababu inajulikana kwa yeyote aliyewahi kupiga mbizi. Ukiwa chini ya maji huwasikii vizuri watu wanaoongea juu, kwa sababu sauti ya hewani ikigonga maji karibu yote hurudi ilikotoka, na kinachopenya ni kama sehemu 1 tu kati ya 1,000 ya nguvu yake. Sikio la ndani ni maji, na sauti tunazozihitaji ziko hewani. Vifupa ndivyo vinavyotatua tatizo hilo. Eneo la kiwambo linalofanya kazi ni kubwa mara 17 hivi kuliko wayo wa kikuku, kwa hiyo nguvu iliyokusanywa kwenye eneo pana hubanwa kwenye eneo dogo, kama vile kisigino chembamba cha kiatu kinavyoweza kutoboa sakafu ambayo soli pana haiidhuru. Zaidi ya hapo, nyundo na fuawe hufanya kazi kama wenzo. Vikiunganishwa, shinikizo linalofika kwenye majimaji huwa kubwa mara 20 hivi kuliko lile lililogonga kiwambo.

Vifupa hivyo vina misuli miwili midogo inayovikaza wakati wa kelele kubwa ili kupunguza msukumo. Kinga hiyo inasaidia, lakini huchelewa kwa makumi ya milisekunde, na mlio wa bunduki au wa baruti huwa umeshapita kabla misuli haijakaza.

Kwa nini masikio huziba na kufunguka tunapopanda mlima au tunapokuwa ndani ya ndege?

Chumba cha sikio la kati kina mrija mwembamba unaokiunganisha na sehemu ya nyuma ya pua na koo. Mrija huo umepewa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa karne ya 16. Kwa kawaida umefumbika, na hufunguka kwa kitambo kidogo tunapomeza au kupiga miayo, ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Ukipanda juu haraka, hewa ya nje hupungua shinikizo, kiwambo husukumwa nje, na sauti zote huwa kama zinatoka mbali mpaka umeze mate na kusikia mlio mdogo wa kufunguka.

Kwa watoto wadogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa watu wazima, jambo linalowarahisishia vijidudu vya mafua kupanda hadi sikioni. Hii ndiyo sababu kubwa ya watoto kuumwa masikio na kutoka usaha mara kwa mara. Wakati mwingine hakuna maumivu wala usaha, bali majimaji yametuama tu nyuma ya kiwambo, na mtoto anayeitwa bila kuitika hudhaniwa kuwa ni mkaidi kumbe hasikii vizuri. Mzazi anayeona hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa ampeleke mtoto akapimwe kabla hajamwadhibu.

Koklea hutofautishaje sauti nyembamba na nzito?

Kwa mahali. Utando wa ndani ya koklea ungekunjuliwa, ungekuwa na urefu wa milimita 35 hivi. Mwanzoni, karibu na kikuku, ni mwembamba na mkakamavu, na kadiri unavyoelekea kileleni unazidi kuwa mpana na legevu. Sauti nyembamba, kama ya filimbi, huutikisa zaidi mwanzoni. Sauti nzito, kama ya ngoma kubwa, husafiri mpaka karibu na mwisho. Ubongo unajua uzito wa sauti kwa kuangalia ishara zimetoka sehemu gani ya utando, kama mtu anayeangalia ni kibao kipi cha kinanda kimebonyezwa. Aliyeonyesha kwa majaribio jinsi wimbi linavyosafiri juu ya utando huo ni Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Kwa njia hiyo binadamu husikia kuanzia masafa ya hezi 20 hivi, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000, ingawa kikomo hicho cha juu ni cha vijana.

Hata hivyo mahali peke yake hapatoshi kueleza uhodari wa sikio. Katika kila koklea kuna takriban seli 3,500 zenye vinywele katika safu ya ndani, na hizo ndizo zinazopeleka habari nyingi kwenye ubongo. Safu za nje zina seli kama 12,000, na kazi yake ni ya kustaajabisha: hurefuka na kufupika kwa kufuata mtikisiko, na kwa kufanya hivyo huukuza mtikisiko hafifu kabla haujafika kwa seli za ndani. Kwa maneno mengine, sikio lina kikuza sauti chake lenyewe, kilicho hai, na kinapofanya kazi hutoa sauti ndogo inayorudi nje kupitia kiwambo. Mwaka 1978 mwanafizikia wa Uingereza, David Kemp, alifaulu kuirekodi sauti hiyo, na leo kipimo hicho kinatumika kuwapima watoto wachanga: kipaza sauti kidogo huwekwa sikioni mwa mtoto aliyelala, na baada ya muda mfupi mhudumu anajua kama seli za nje zinaitikia, bila mtoto kuulizwa lolote.

Idadi hiyo ya seli inafaa kukumbukwa. Jicho moja lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100. Sikio linaendesha maisha yetu yote ya mazungumzo kwa seli zisizofika 20,000.

Tunatambuaje sauti inatoka wapi?

Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kwanza. Tofauti hiyo, hata sauti ikiwa pembeni kabisa, ni kama milisekunde 0.7 tu, lakini shina la ubongo linaipima. Kwa sauti nyembamba, kichwa chenyewe huweka kivuli, na sikio lililo upande wa pili hupokea sauti iliyofifia. Kuhusu juu na chini, mbele na nyuma, mikunjo ya jani la sikio ndiyo inayosaidia, kwa kuibadilisha sauti kidogo kulingana na upande inakotoka. Mtu aliyepoteza usikivu wa sikio moja anaweza kuzungumza vizuri katika chumba tulivu, lakini akiitwa barabarani atageuka huku na huku asimwone anayemwita.

Kwa nini sauti yangu iliyorekodiwa huwa ngeni masikioni mwangu?

Kwa sababu unapozungumza unajisikia kwa njia mbili: kupitia hewani kama wengine wanavyokusikia, na kupitia mifupa ya fuvu, ambayo hupeleka vizuri zaidi sauti nzito. Rekodi huchukua ile ya hewani peke yake. Sauti hiyo unayoiona nyembamba na ngeni ndiyo ambayo wenzako wamekuwa wakiisikia siku zote.

Sikio linahusikaje na usawa wa mwili?

Hapa seli zile zile zenye vinywele zinapewa kazi nyingine. Kila sikio lina mifereji mitatu ya nusu duara, na imekaa kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye kona ya chumba, kila mmoja ukielekea upande wake. Kwa hiyo ukitikisa kichwa kukubali, ukikigeuza kukataa, au ukikilaza kuelekea bega, kila mwendo unaugusa mfereji mmoja zaidi ya mingine. Kichwa kinapogeuka, mfereji hugeuka nacho, lakini majimaji yaliyomo huchelewa kidogo. Chukua bakuli la maji lenye jani linaloelea, ulizungushe ghafla: bakuli limeshageuka, jani lingali pale pale. Mwanzoni mwa kila mfereji kuna kipazia laini cha ute mzito ambamo vinywele vya seli vimezama; majimaji yanayochelewa hukisukuma kipazia hicho, vinywele hupinda, na ubongo hupata habari.

Mifereji hiyo hupima mzunguko tu. Mwendo wa kwenda mbele, kupanda na kushuka, pamoja na mvutano wa dunia, hupimwa na vile vifuko viwili. Ndani yake vinywele vimefunikwa na utando wa ute uliobeba vijiwe vidogo sana vya kalsiamu kaboneti. Ukiinamisha kichwa, vijiwe huteleza kwa uzito wake na kuvuta vinywele. Gari likiondoka ghafla, vijiwe hubaki nyuma kidogo. Lifti ikianza kupanda, unahisi hata kama hakuna dirisha.

Habari za sikio la kulia na la kushoto hulinganishwa daima. Ukigeukia kulia, ishara za kulia huongezeka na za kushoto hupungua. Ndiyo maana neva ya upande mmoja ikipata uvimbe na kunyamaza, ubongo hudhani kwamba kichwa kinazunguka bila kukoma, na mgonjwa hulala akiwa ameshikilia kitanda huku akitapika, ingawa hajasogea hata kidogo.

Nisingependa ieleweke kwamba sikio hufanya kazi hiyo peke yake. Macho, pamoja na hisia za misuli, viungo na nyayo, huchangia kwa kiasi kikubwa. Mtu mwenye udhaifu wa sikio la ndani hutembea vizuri mchana, na taa ikizimika au akikanyaga mchanga laini huanza kuyumba.

Kwa nini tunachokitazama hakitikisiki tunapotembea?

Jaribio hili lafaa kufanywa sasa hivi. Nyosha mkono, ushike maandishi mbele yako, kisha tikisa kichwa haraka kulia na kushoto huku ukisoma. Herufi zitabaki zikisomeka. Sasa kitulize kichwa, utikise maandishi kwa kasi ile ile, na utaona herufi zimegeuka ukungu. Tofauti imeletwa na sikio la ndani. Kichwa kinapogeuka, mifereji hupeleka amri kwa misuli ya macho kwa njia fupi mno, na ndani ya milisekunde 10 hivi macho yameshageuka upande wa pili kwa kiasi kile kile. Macho yakitegemea kuona peke yake huchelewa mara kadhaa zaidi. Waliopoteza kazi hiyo ya sikio katika pande zote mbili husema kwamba wakitembea hawawezi kusoma kibao wala kuzitambua sura za watu mpaka wasimame.

Kwa nini tukizunguka kisha tukasimama tunaona kizunguzungu?

Ukiendelea kuzunguka kwa muda, majimaji ya mifereji hatimaye hushika mwendo wa kichwa, na kipazia hurudi mahali pake. Ukisimama ghafla, majimaji bado yanakwenda. Hukisukuma kipazia upande wa pili, na ubongo huamini kwamba sasa unazungukia upande ule mwingine. Macho nayo hutii habari hiyo ya uongo na kurukaruka.

Majimaji hayo yanaweza kusogezwa hata bila mtu kuzunguka. Robert Bárány, daktari wa masikio wa Vienna, aliona kwamba wagonjwa aliowaosha masikio walipatwa na kizunguzungu, na kwamba maji baridi na maji ya moto yaliyarusha macho yao katika pande zinazopingana. Alielewa kwamba joto na baridi vilikuwa vikiyafanya majimaji ya mfereji kupanda na kushuka. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, habari iliyomfikia akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi, na kipimo chake kingali kikitumika.

Kichefuchefu cha safarini husababishwa na nini?

Na habari zisizopatana. Msafiri anayesoma kitabu ndani ya gari huambiwa na macho kwamba ametulia, huku sikio la ndani likimwambia kwamba anakata kona na kupanda matuta. Kutazama mbali, mahali ambapo mbingu na nchi vinakutana, husaidia kwa kuwa macho huanza kukubaliana na sikio. Watu ambao sehemu ya usawa ya masikio yote mawili imekufa hawapatwi na kichefuchefu cha baharini, hata bahari ichafuke vipi.

Nikigeuka kitandani chumba chote kinazunguka kwa muda mfupi. Je, ni presha?

Huenda si presha kabisa. Dalili hiyo, ya kizunguzungu kikali kinachokuja mtu anapolala, anapogeuka au anapotazama juu, na kuisha kabla ya dakika moja, mara nyingi hutokana na vile vijiwe vya kalsiamu kung'oka kwenye kifuko chake na kuingia katika mmoja wa mifereji ya nusu duara. Mfereji ambao haukuumbwa kupima mvutano wa dunia sasa una vijiwe vinavyoporomoka ndani yake kila kichwa kinapobadilisha mkao. Tiba yake hainywewi. Daktari au mtaalamu wa tiba ya mazoezi humlaza mgonjwa na kukigeuza kichwa chake hatua kwa hatua, kwa njia iliyobuniwa na daktari wa Marekani, John Epley, mpaka vijiwe virudi kwenye kifuko. Wengi hupona kwa zoezi moja au mawili. Inasikitisha kuona watu wakitumia vidonge vya kizunguzungu kwa miezi kwa tatizo ambalo lingemalizika kwa dakika chache.

Si kila kizunguzungu ni cha sikio, hata hivyo. Upungufu wa damu, dawa, moyo na ubongo vinaweza kukileta. Na kizunguzungu cha saa kadhaa kinachokuja pamoja na mvumo sikioni, sikio kujaa na usikivu kupungua huelekeza kwenye ugonjwa uliopewa jina la Prosper Ménière, daktari wa Ufaransa ambaye mwaka 1861 alieleza kwamba chanzo cha hali hiyo ni sikio la ndani, wakati wengi waliidhania kuwa ni ya ubongo.

Je, nisafishe masikio kwa vijiti vya pamba?

La. Ngozi ya mfereji wa sikio hukua kutoka kwenye kiwambo kuelekea nje, na kidogo kidogo huibeba nta mpaka mlangoni. Nta yenyewe si uchafu. Hulainisha ngozi, hunasa vumbi na kuzuia vijidudu. Kijiti hutoa kiasi kidogo na kushindilia kilichobaki, na mara nyingine hutoboa kiwambo. Nta iliyoziba kabisa ilainishwe au itolewe na mhudumu wa afya, na mtu mwenye kiwambo kilichotoboka asitie kitu chochote sikioni bila ushauri.

Kelele huharibu sikio kwa kiasi gani?

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki humchanganya asiyekizoea, kwa kuwa kila desibeli 10 zinazoongezeka humaanisha nguvu iliyozidishwa mara 10. Mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Katika sehemu nyingi za kazi, desibeli 85 kwa saa 8 huchukuliwa kuwa ukingo wa hatari, na kwa kanuni inayotumiwa sana, kila desibeli 3 zinazoongezeka huupunguza muda kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2. Kelele hukatakata na kulaza vile vinywele, na huichosha seli mpaka ife. Masikio yanayovuma baada ya usiku mmoja karibu na spika kubwa yanatoa taarifa ya madhara, hata kama mvumo utaisha asubuhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti ya juu mno. Anayevaa hedifoni na kulazimika kupandisha sauti ili ashinde kelele za nje ameshavuka kiasi.

Mzee wetu husema, "Nasikia unaongea, lakini sielewi unachosema." Ana maana gani?

Ana maana hiyo hiyo aliyoisema, na ni maelezo sahihi kuliko vipimo vingi. Seli zilizo mwanzoni mwa koklea, zile za sauti nyembamba, ndizo zinazokufa kwanza kadiri umri unavyosogea. Irabu ni sauti nzito na zina nguvu, kwa hiyo humfikia; lakini konsonanti kama s, f na sh ni nyembamba na hafifu, nazo hupotea. Umwambie "shika" au umwambie "fika", kinachomfikia ni "ika" tu, na kilichobaki anabahatisha. Kumpigia kelele huzikuza irabu na kuzifunika konsonanti zaidi. Linalosaidia ni kumkabili uso kwa uso penye mwanga, kusema taratibu, kuzima redio, na kumpatia kifaa cha kusaidia kusikia mapema, kabla hajazoea kukaa kimya wengine wanapozungumza.

Kuna dawa zinazodhuru masikio?

Zipo. Gentamisini, streptomisini na kanamisini, ambazo ni dawa za kuua bakteria, pamoja na sisplatini ya kutibu saratani, zinaweza kuua seli zenye vinywele. Streptomisini na gentamisini hupenda kushambulia zaidi upande wa usawa. Baadhi ya watu wana kasoro ya urithi, inayopitia kwa mama, ambayo huwafanya wapoteze usikivu hata kwa dozi za kawaida za dawa hizo za bakteria. Aliye na ndugu wa upande wa mama aliyepata uziwi baada ya sindano amweleze daktari kabla ya tiba. Kwinini na aspirini kwa dozi kubwa huleta mvumo, ambao mara nyingi hukoma dawa ikiachwa. Dawa hizi huokoa maisha, na asiwepo wa kuziacha kwa hofu bila kuzungumza na aliyemwandikia.

Je, seli zilizokufa zinaweza kuota tena?

Kwa ndege, samaki na vyura, ndiyo. Kuku aliyeharibiwa seli za kusikia huziotesha nyingine baada ya wiki kadhaa. Kwa binadamu, za koklea hazioti tena, na hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuziotesha. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti kwa ajili ya seli zilizobaki. Pale ambapo hazikubaki za kutosha, madaktari wanaweza kupandikiza koklea bandia, yaani uzi wenye vituo vya umeme unaoingizwa ndani ya koklea na kuiamsha neva moja kwa moja. Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, upandikizaji huleta matokeo mazuri zaidi ukifanywa katika miaka ya mwanzo, wakati ubongo ungali ukijifunza lugha. Lugha za alama nazo ni lugha kamili zenye sarufi yake, na mtoto kiziwi asinyimwe lugha huku akisubiri kifaa.

Ni hali gani ya sikio isiyofaa kusubiri?

Usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla, kwa saa chache au ndani ya siku tatu, ni dharura, hata kama hakuna maumivu. Dawa zinazotolewa mapema zinaweza kuurudisha, na wiki chache baadaye nafasi hiyo huwa imepungua sana. Kizunguzungu kinachoambatana na ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili au udhaifu wa upande mmoja wa mwili huashiria kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio linalotoka usaha, na majimaji au damu inayotoka sikioni baada ya kichwa kugongwa. Kwa mtoto, kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: betri ndogo ya mviringo iliyoingia sikioni huunguza nyama ndani ya saa chache, kwa hiyo apelekwe usiku huo huo, na sikio lisitiwe maji wala mafuta kabla ya betri kutolewa.